Chupa Mbili za Msimu wa Joto

Kama kuna saa ambayo Pua angetaka irudishwe nyuma, ni ile ya Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana, alipokunja mikono ya blauzi yake mbele ya mwanamume anayempenda na kumwambia, "Haya, nipulizie."

Jina hilo lisikuchekeshe, msomaji. Mwenye duka la manukato ndiye aliyempachika wiki ya kwanza ya kazi, binti alipoingia asubuhi na kusema kuna chupa imevuja rafu ya nyuma, hata mwavuli hajaufunga. Jina likamganda. Vinginevyo alikuwa binti wa kugeuza shingo za watu, mwenye macho makubwa ya usingizi na sauti ya taratibu, na pua yenyewe kwa kuitazama haikuwa na kosa lolote.

Siku hiyo mwenye duka alikuwa amekwenda kung'olewa jino, akamwachia binti duka zima. Joto lilikuwa limeanza wiki hiyo, lile la kubandika nguo mgongoni, na kila mteja aliyeingia alitaka kitu kilekile: harufu ya matunda, nyepesi, ya kupoza roho. Kwa hiyo rafu ya mbele ilikuwa na chupa mbili tu za kuonja. Ya kijani ilikuwa ya limau na tikiti maji, na mnanaa kwa mbali. Ya pinki ilikuwa ya pichi na pera, na chini kabisa, ukiwa na subira, ilikuwa na miski.

"Chagua moja," alisema Fundi Saa. "Zawadi yangu ya harusi. Nataka uchague mwenyewe."

Huyu Fundi alikuwa na duka la kutengeneza saa mtaa wa tatu kutoka hapo. Mtu wa vidole vyepesi, shati limenyooshwa, sauti haipandi hata akikanyagwa. Harusi ilikuwa Jumamosi. Zilibaki siku nne, na Pua alikuwa anazihesabu kama mtoto anayengoja nguo mpya.

"Mimi nauza hizi kutwa nzima, zimenichosha," Pua alisema. "Nichagulie wewe."

"Hapana. Wewe ndiye mwenye pua."

"Basi fuata sheria ya duka. Ya kijani mkono wa kushoto, ya pinki mkono wa kulia. Halafu tunasubiri nusu saa."

"Nusu saa yote? Si kuna karatasi za kunusia?"

"Karatasi inadanganya, mpenzi. Karatasi haina damu. Ngozi ndiyo inayosema ukweli, na ngozi inataka muda."

Fundi akampulizia, mara moja kila mkono. Akataka kulisugua tone la kulia kwa kidole gumba, Pua akauvuta mkono akicheka.

"Usisugue! Unaivunja."

"Samahani." Akainama, akanusa wa kushoto, akatikisa kichwa kidogo. Akanusa wa kulia na hapo akakaa. Alifumba macho. Pumzi yake ilipita juu ya mshipa wa mkono wa Pua, na moyo wa binti ukaruka kichura. Akaegemea kaunta.

"Hii ya kushoto nzuri," alisema Fundi bila kufumbua macho. "Lakini inakukimbia. Ukifika kituo cha basi imekwisha."

"Ndiyo raha yake. Joto hili, nani anataka harufu ya kumkaba koo?"

"Na hii ya kulia inakaa?"

"Hiyo? Wee! Ukimkumbatia mtu leo, keshokutwa shati lake bado linakusengenya."

Fundi akafumbua macho, akatabasamu. "Vizuri. Basi nikiingia chumba chochote, nitajua kama ulipita."

Pua akacheka kwa furaha. Maneno matamu kama hayo, mwanamke mwingine angeyatarizi kwenye foronya. Wahenga walisema mapenzi ni upofu. Hawakutuambia kwamba huziba na pua.

"Jumapili ulinukia tumbaku," Fundi akaongeza kwa upole uleule. "Hapa begani."

"Ni kaka. Alikuja kutuona, si unamjua na sigara zake."

"Nilijua ni kaka. Nimeuliza tu."

Hakuwa ameuliza, lakini Pua hakuliona hilo wakati ule. Fundi akavua saa yake ya mkononi, akaitazama, akasema atakunywa chai mgahawa wa ng'ambo ya barabara na atarudi saa tisa kasoro kumi. Pua alimfuata kwa macho mpaka akakaa, akaiweka ile saa juu ya meza mbele ya kikombe.

Hazikupita dakika tano, mlango ukasukumwa kwa nguvu. Aliyeingia ni mteja wa siku zote, mwalimu wa chekechea, ambaye wenyewe pale dukani walimwita Dada Nusu Saa. Miaka miwili alikuwa akija, na miaka miwili akitaka jambo moja: manukato yasiyokaa. Ukimwonyesha kitu cha kudumu siku nzima, anarudi nyuma kama umemwonyesha nyoka. Walizoea kumtania.

Leo hakutaka utani. Alipita moja kwa moja mpaka nyuma ya rafu ya sabuni za kuogea, akachutama pale pamoja na mkoba wake. Alikuwa anahema, ananukia limau.

"Dada, vipi tena? Umefukuzwa na mbwa?"

"Mwanamume yule pale mgahawani. Shati la bluu. Ameweka saa mezani. Ameniona?"

Pua akachungulia. "Amekupa mgongo, anaongea na mhudumu. Kwani unamdai nini mchumba wangu?"

Halafu Dada Nusu Saa akatoa kichwa taratibu, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mchumba wako," alisema. "Nipe mkono. Si huo. Huo mwingine."

Pua akampa wa kulia. Yule dada alinusa mara moja tu, akauachia mkono kama umemuunguza.

"Pichi na pera," alisema. "Bado tu, Mungu wangu. Harusi lini?"

"Jumamosi. Dada, unanitisha."

"Nikuulize kitu, usinikasirikie. Akija kwenu, anakunusa wapi kwanza?"

"Jamani! Maswali gani hayo?"

"Mwanamume anayekupenda hunusa shingo. Yeye hunusa bega. Begani ndipo watu wengine wanapoegemea."

Pua akafungua mdomo ajibu kwa ukali, akakumbuka tumbaku.

"Nilikuwa mke wake miaka minne," alisema Dada Nusu Saa. "Amekwambia?"

"Aliniambia aliwahi kuoa. Mke akamkimbia na mwanamume."

"Nilikimbia, hilo kweli. Huyo mwanamume namtafuta mpaka leo nami nimjue." Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Alininunulia hiyo ya pinki, chupa kwa chupa. Mashuka, mapazia, nguo zangu zote anapulizia kwa mkono wake. Nikajisifu kwa mashoga zangu. Kumbe mchana anafunga duka anazunguka. Kwa mama yangu ananusa mito ya kochi. Kwa jirani ananusa kitasa cha mlango. Jioni tukikaa kula ananisomea siku yangu yote kama anasoma gazeti. Ulikaa hapa, ukasimama pale, ukamshika fulani mkono. Nikawa siendi popote."

"Alikupiga?"

"Hata kofi hakunipiga. Hapo ndipo nilipokwama, mdogo wangu. Watu wakiniuliza, amekupiga? Nasema hapana. Wananiambia, basi rudi kwa mumeo, unataka nini?"

Pua alishika kaunta. Ndani yake kulikuwa na watu wawili wanagombana, mmoja anasikia baridi mgongoni, mwingine anamtetea Fundi kwa machozi. Huyu wa pili ndiye aliyesema:

"Labda amebadilika. Watu hubadilika."

"Labda," alisema Dada Nusu Saa, na hakubishana. "Mimi si wa kuvunja harusi ya mtu. Chagua ile ya kijani mbele yake, umwangalie. Basi. Huko nyuma kuna mlango?"

Pua akamtolea kupitia stoo. Mlangoni yule dada alimshika bega kidogo, akaondoa mkono haraka kana kwamba amejionya, akaenda zake.

Saa tisa kasoro kumi, si sekunde zaidi, Fundi aliingia. Pua alikwisha tafuna punje mbili za kahawa kutoka kwenye bilauri ya kusafishia pua, ujinga mtupu, kahawa ile hunuswa, hailiwi. Mikono aliificha nyuma ya kaunta mpaka ilipoombwa.

Fundi akanusa wa kushoto. "Hakuna kitu." Akanusa wa kulia. Matunda yalikwisha kuondoka, imebaki miski peke yake, nzito, ya uvuguvugu. "Na hii ndiyo kwanza inaanza. Umechagua?"

"Ya kijani."

"Haikai."

"Najua. Ndiyo maana naipenda."

Hakukasirika. Laiti angekasirika, Pua angejua la kufanya. Aliutazama tu uso wa binti kwa utulivu ule anaotazamia saa iliyosimama, kabla hajaamua aifungue kwa kifaa gani. Kisha akainua kichwa. Mianzi ya pua yake ikacheza. Akatembea hatua tatu hadi kwenye rafu ya sabuni, akainama.

"Kuna mtu alikuwa hapa na limau mpya."

"Hili ni duka la pafyumu, Fundi."

"Alichutama. Imebaki huku chini." Akasimama, akapangusa goti. "Nani?"

"Mteja."

"Wateja wako huchutama?"

"Aliangusha hereni."

Uongo ule ulimtoka kabla hajaufikiria, na alipousikia alijua kwamba kwa mara ya kwanza amemdanganya mtu anayempenda kwa kumwogopa. Fundi akatikisa kichwa kama aliyeridhika. "Funga zote mbili," alisema. "Ya kijani yako, umechagua mwenyewe. Ya pinki ya nyumba."

Akampa chupa yake ya kijani, akambusu paji la uso, akaondoka na ya pinki mfukoni. Na moyo usivyo na haya, ukaanza kumtetea tena. Si amekubali? Si ameninunulia niliyoipenda? Mtalaka atasema nini zaidi ya ubaya? Mpaka saa kumi na moja anafunga duka, Pua alikuwa karibu ameshinda kesi ile. Hata hivyo alinawa mkono wa kulia kwa sabuni mara tatu.

Alikaa na shangazi yake, mpishi wa shule, aliyemlea tangu ana miaka sita. Katika jambo hili la uchumba nyumba ilikuwa imegawanyika. Kaka yake Pua alikuwa amepinga tangu siku ya kwanza. "Mtu gani anaingia nyumba ya watu anakaa kimya kama daktari anasikiliza kifua?" alisema. Shangazi ndiye aliyemzima: "Wewe na wale rafiki zako wa sigara mnaopiga kelele, mmeoa? Mwache mtoto aolewe, umri hauna breki."

Sasa Pua alipofika mlangoni, kabla ya kugusa kitasa, harufu ilimjia. Aliunusa mkono wake. Ulinukia sabuni. Akasukuma mlango na pichi ikamlaki, pichi na pera, mbichi, tamu, imejaa sebule nzima mpaka dari.

"Ndiye huyo!" Shangazi alipiga vigelegele kutoka jikoni, kisu mkononi. "Mwenzio kapita hapa! Kakupulizia kabati lote, nguo moja moja, nakwambia! Mashuka, mapazia, hadi viatu. Mume huyo! Mimi marehemu wangu miaka ishirini hakuninunulia hata dawa ya mbu."

"Shangazi, nani alimfungulia?"

"Mimi. Tena na ule ufunguo wa akiba nimempa, atasimama nje akipiga hodi mpaka lini? Si mtu wa ndani sasa?"

Pua alikwenda chumbani. Kabati lilikuwa wazi. Nguo zake zote zilikuwa zimetundikwa upya, kwa nafasi sawa, na kila moja bado ilikuwa na unyevunyevu begani. Begani tu. Akarudi sebuleni akiwa ameshika ukuta.

"Aliuliza chochote?"

"Vitu vya utani tu. Eti kaka yako akija hukaa upande gani wa kochi. Nikamwonyesha. Akainama pale, akaweka uso kwenye mto kama mtu anayetafuta sindano. Nilicheka mbavu zikaniuma." Shangazi alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilianza kukosa pa kukaa. "Akauliza kama Jumapili mlikaa karibu. Nikamwambia, baba, huyo ni kaka yake, tumbo moja."

"Akasemaje?"

Shangazi akaweka kisu chini. "Akasema, 'Nitajua.'"

Pua alikaa sakafuni pale pale, mgongo kwenye mlango, akasimulia. Dada Nusu Saa, miaka minne, kitasa cha jirani, gazeti la jioni. Alisimulia haraka, bila kulia.

"Na bado nampenda, shangazi. Nimlaani nani? Leo ameninusa mkono nikataka kufa kwa raha."

"Mpende," alisema shangazi. Hakuwa yule wa vigelegele tena. "Mpende sana tu, lakini kutoka mbali. Ni mimi niliyempa ufunguo, mjinga mimi. Simama."

"Alisema atarudi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Alitaka awepo ukiliona kabati, akuone uso."

Wote wawili wakatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika sita, na Fundi hajawahi kuchelewa maishani mwake. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja, na mlango ulitokea kwenye uchochoro mmoja.

Shangazi akavua gauni lake la jikoni, lile kuukuu la kazi, akamvika Pua juu ya nguo zake mpaka akawa mnene. Akachukua nusu ya kitunguu alichokuwa anakata, akaushika mkono wa kulia wa binti, akausugua kwa nguvu kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Machozi yakamtiririka Pua, naye akayaacha, maana kulikuwa na ya kitunguu na kulikuwa na mengine. Mwisho akamfunika mtandio wake mpaka usoni.

"Nenda kwa kaka yako, na mwambie asije hapa. Inama kidogo. Buruta mguu, kama mimi na goti langu."

"Nikuache naye?"

"Mimi napikia wanafunzi mia nane kila siku, nitashindwa na mmoja? Nenda!"

Chupa ya kijani ilibaki juu ya meza. Pua alitoka. Jua lilikuwa limelegea lakini bado mwanga upo, na uchochoro ulikuwa mwembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana lazima mmoja apishe. Alikuwa hajafika nusu yake alipomwona. Shati la bluu, mwendo wa taratibu, anaitazama saa yake. Binti aliinamisha kichwa, akaburuta mguu. Alikuwa na hofu, na juu ya hofu, aibu gani hii, alikuwa na hamu. Kitu kimoja ndani yake kilitaka asimame amtambue. Amshike mkono wenye kitunguu aseme, najua ni wewe, hata ukijifunika dunia nzima.

Fundi aliinua kichwa. Alinusa hewa mara moja, mara mbili. Ilikuwa hatua moja tu kati yao, angeweza kumgusa. Macho yake yalimpitia Pua, gauni, mtandio, mguu, yakaendelea mbele kuelekea nyumba ile yenye pichi. Akajibanza ukutani kwa adabu ampishe.

"Shikamoo, mama," alisema.

Siku nne kabla ya harusi yake.

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Akapita. Nyuma yake hakusikia hodi. Alisikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Alipokwisha kukata kona, akaacha kuburuta mguu, akaanza kukimbia.